Nilipita Hapo Kila Siku Bila Kuketi

 

Leo sitaongea juu ya hesabu wala juu ya kuandika vizuri. Nataka tutembee pamoja kwenye barabara moja ninayopita kila siku kwenda kazini, ile inayotoka upande wa Kikula na kuingia katikati ya mji wetu. Tutasimama kwenye meza za chai, kwenye malewa, na hata kwenye mkahawa wenye mlango wa kioo. Lakini kabla hatujaanza kutembea, inanipasa niungame kosa, kwa maana bila kosa hilo nisingeketi hata kwenye meza moja.

Katika darasa langu la mwaka wa tano kuna msichana anayelala. Hasinzii, analala kabisa, kichwa juu ya daftari, mara tu somo la kwanza linapokwisha. Nilimwamsha, nikamsimamisha, nikamhamishia kwenye benchi la mbele. Haikusaidia. Siku moja nilikasirika, nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika ndani ya daftari lake: "Mtoto huyu ni mvivu. Mzazi asome na kutia sahihi."

Kesho yake daftari lilirudi na sahihi. Chini yake mama alikuwa ameandika kwa penseli, herufi kubwa kubwa: "Madamu, jambo. Kuja siku moja unywe chai kwangu, saa kumi na moja ya asubuhi. Utaelewa." Kisha akaeleza mahali: karibu na pale magari ya kwenda Lubumbashi na Kolwezi yanapopakia watu.

Nilisoma maneno hayo mara mbili. Mahali hapo napajua. Napita hapo asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Nimeshaona moshi wa mbabula zake na mabenchi yake. Lakini sikuwahi kuketi hapo, na sikuwahi kujiuliza ni nani anayeketi.

Kwa nini? Tuseme ukweli kati yetu. Sisi wanawake tumefundishwa kwamba mke anayekula barabarani ni mke asiyepika nyumbani. Mwanaume akila malewa, watu wanasema yuko kazini. Mwanamke akila hapo, wanauliza mume wake anakula nini. Tena mimi ni mwalimu. Niliogopa mwanafunzi aniite kutoka ng'ambo ya barabara nikiwa na tonge la bukari mkononi. Basi kwa miaka yote nilibeba kichupa changu cha chai na kipande cha mkate ndani ya mkoba, nikala peke yangu darasani, mlango umefungwa.

Juma hilo nilienda.

Saa kumi na moja ya asubuhi bado ni giza. Nilipofika, meza ilikuwa imeshafunguliwa zamani. Mbabula mbili zilikuwa zinawaka, moja ina sufuria ya maji ya chai, nyingine ina mafuta ya vitumbua. Taa ndogo ya jua ilikuwa imefungwa kwenye mti. Kwenye mabenchi waliketi wanaume kama kumi: madereva, wapakiaji, watu wawili wenye nguo za kiwanda waliotoka zamu ya usiku. Na aliyekuwa anamimina chai, anapokea pesa, anarudisha chenji bila kukosea hata mara moja, alikuwa mwanafunzi wangu.

Aliponiona alisimama wima kama vile darasani. "Jambo, Madamu." Kikombe alikuwa nacho mkononi bado.

Mama yake alinipa nafasi kwenye benchi, akafuta meza mbele yangu, akanipa chai nzito yenye sukari nyingi na vitumbua viwili vya moto. Hakuniambia neno la ukali. Alisema tu: "Madamu, huyu anaamka saa kumi. Mimi nakaanga, yeye anamimina. Saa kumi na mbili na nusu anaenda kuoga. Kusema ni mvivu, hapana."

Nilikunywa ile chai. Ilikuwa nzuri, lakini ilipita kooni kwa shida.

Baada ya hapo nilijiambia: ikiwa sikujua jambo hili kwenye meza moja, kuna mangapi nisiyojua kwenye barabara nzima? Basi nilifanya kama ninavyowafundisha watoto kwenye somo la mazingira. Nilitembea, nikaketi, nikauliza. Niliweka pesa kidogo pembeni, na kwa muda wa posho tatu nilikula kwenye meza za wenzetu, asubuhi, mchana na jioni.

Kwanza, niwakumbushe neno lenyewe, posho. Kwetu Katanga tunaitumia kwa kusema juma, siku saba. Watoto wangu darasani hawajui kwa nini. Nkambo zetu walijua. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwagawia wafanyakazi wake chakula kila juma: unga, maharagwe, samaki, mafuta. Chakula hicho ndicho kilichoitwa posho, na siku zikahesabiwa kwa posho. Wakati huo mji wetu uliitwa Jadotville, jina la Mbelgiji Jean Jadot, na ulibaki na jina hilo mpaka mwaka 1966. Katikati ya mji palikuwa pa wazungu. Mikahawa ya barabara zake haikuwa yetu. Mtu mweusi aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi au mfagiaji, na usiku alihitaji karatasi ya ruhusa ili atembee huko.

Baadaye ikaja Gécamines, na posho ikaendelea. Wengi wetu tulizaliwa ndani ya maisha hayo: baba yuko Shituru au Panda, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, unga wa kampuni. Kisha miaka ya 1990 mambo yakaanguka. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka Gécamines kwa ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Walipewa pesa mara moja, na baada ya hapo kila mtu na nyumba yake.

Ni nani aliyelisha nyumba hizo? Nilipouliza kwenye barabara, jibu lilikuwa moja karibu kila meza. Mwenye malewa wa kwanza aliniambia: "Papa aliporudi na zile pesa, tulinunua sufuria kubwa." Mwingine: "Mama yangu alianza na vitumbua, mimi nikaongeza bukari." Wa tatu: "Hakukuwa tena na posho. Mimi nikawa posho." Alicheka aliposema hivyo, lakini mimi niliandika maneno yake kwenye daftari langu. Barabara ile nilidhani ni mahali watu wanajitafutia kula tu. Kumbe karibu kila meza ilisimama siku mshahara wa mwanaume uliposimama.

Sasa tufike mchana. Kati ya saa sita na saa nane, malewa yanajaa. Bukari ya mahindi, au ya mahindi iliyochanganywa na mihogo, sombe, lenga-lenga, maharagwe, samaki. Samaki wakavu na wabichi wengi wanatoka upande wa Kapolowe, kwenye ziwa lililotokea pale mto Lufira ulipozuiliwa na bwawa la Mwadingusha. Mwenye malewa mzuri atakuambia samaki wake amefika lini, na hatakasirika ukiuliza.

Nilikula kwa mama mmoja ambaye sombe yake sijapata nyingine kama hiyo mjini. Nilimwuliza siri. Alisema hakuna siri, ni kutwanga vizuri na kuipa moto muda mrefu bila kuharakisha. Hapo mpishi na mwalimu walikubaliana, kwa sababu jani la muhogo lina sumu ndani yake, na ni kule kutwanga na kuchemsha sana kunakoiondoa. Anayeivisha sombe haraka ili aokoe makala anahatarisha watu wake.

Baada ya wateja kupungua, nilimwomba jambo moja. Nilisema, yaya, tuhesabu pamoja siku ya leo. Alisema hajawahi kuhesabu, anajua tu kama kesho atapata pesa ya kununua au hatapata. Tukachukua karatasi. Nimezungusha namba kidogo ili mfuate vizuri.

Unga, franka 22 000. Samaki, 30 000. Mafuta, nyanya na vitunguu, 11 000. Sombe na mboga nyingine, 7 000. Makala, 6 000. Maji na sabuni, 2 000. Jumla, 78 000. Siku hiyo aliuza sahani 30, kila moja franka 3 000. Hiyo ni 90 000. Ukitoa 78 000, zinabaki 12 000.

Alifurahi kuona ile 12 000 kwenye karatasi. Kisha nikamwuliza, wangapi wamekula kwa deni leo? Akahesabu kwa vidole: mfanyakazi wa ofisi mmoja, vijana wawili wa gereji, na mwalimu mmoja. Watu wanne. Mara 3 000, ni 12 000.

Tulinyamaza wote wawili. Siku nzima kwenye moto, tangu asubuhi mpaka saa tisa, na faida yote ilikuwa imetembea ndani ya matumbo ya watu wanne wenye mishahara. Na bado hatujahesabu watoto wake watatu waliokula kutoka sufuria hiyohiyo, wala mikono yake mwenyewe.

Wamama, wengi kati yetu tuna waume, ndugu na vijana wanaokula kwa deni mjini. Wengine ni sisi wenyewe. Tunasema, "mama wa malewa ni mtu wetu, atangoja." Ndiyo, atangoja. Lakini muuza unga hamngoji yeye. Mnakumbuka mwaka 2023, Zambia ilipobana unga usipite Kasumbalesa, jinsi bei ilivyopanda? Yule mama alisema alibaki na bei ileile ya sahani kwa muda mrefu, akipunguza ukubwa wa bukari kidogo kidogo, kwa sababu wateja waligoma kulipa zaidi. Sahani ikawa ndogo, na watu wakamwita mchoyo.

Nilipotoka kwake nilivuka na kuingia mahali ambapo moyo ulikuwa unanidunda: ule mkahawa wenye mlango wa kioo. Mnaujua. Una meza zenye vitambaa, kipoza-hewa, na watu wa makampuni wakiwa na kompyuta zao. Niliketi peke yangu karibu na dirisha. Kijana wa kazi alikuja, akaniangalia, akauliza kwa heshima: "Mama, unamngoja nani?" Nikamwambia, simngoji mtu, ninangoja kahawa. Alistaajabu kidogo, akaileta.

Kahawa ilikuwa ya unga wa kopo uliotoka nchi za mbali. Nchi yetu inalima kahawa: Kivu kuna arabika inayosifiwa hata Ulaya na Marekani, na Ituri nako wanalima. Lakini kufika Likasi, kopo la kigeni linatangulia. Kwa bei ya kikombe kile ningepata sahani ya bukari na samaki ng'ambo ya barabara. Sisemi msiende. Siku moja moja ni vizuri mwanamke kuketi kwenye kiti chenye mgongo na mtu mwingine amletee. Niliketi nusu saa nzima bila kusikia mtu akiniita, na nilijua ni kitu gani kinachonunuliwa pale. Ni ule utulivu, kuliko kahawa.

Mwenye mkahawa huo ni mwanamke. Alikuja kunisalimu, tukaongea. Aliniambia kwamba zamani, alipotaka kuandikisha biashara yake ya kwanza, aliombwa barua ya ruhusa ya mume. Mume alikuwa safarini. Alingoja miezi. Hilo halikuwa neno la mtu mmoja tu. Ndivyo ilivyokuwa sheria. Kitabu cha sheria ya familia cha tarehe 1 Agosti 1987, kwenye kifungu cha 448, kilitaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha hilo. Sasa mume na mke wanatakiwa kupatana, wote wawili, mmoja kwa mwingine. Ninaandika tarehe hizi ili mkate kipande hiki na kukiweka. Mtu akikuambia bado unahitaji ruhusa kama zamani, uwe na jibu.

Jambo lililonifurahisha ni kwamba nyanya na mboga zake anazinunua kwa wamama wa barabarani, na analipa siku ileile. Alisema, "Mimi nilianza kwenye benchi. Najua deni linavyouma."

Jioni ya siku ya posho nilienda na dada yangu mdogo na watoto wetu. Jioni barabara inabadilika. Moshi wa michopo unafika mbali, mbuzi anakatwa vipande juu ya karatasi na chumvi na pilipili. Wanaume wako kwenye bia. Sisi tulikaa pembeni kwa mama anayeuza kikanda na munkoyo, na hapo watoto walipata somo ambalo sikuweza kuwapa darasani.

Kikanda wanakipenda wote, kile kitu chekundu kinachokatwa kama soseji nene. Niliwauliza kinatengenezwa na nini. Mmoja akasema nyama, mwingine karanga. Mama muuzaji akacheka, akawaambia ni viazi vidogo vya maua ya porini, vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili na maji ya majivu au soda mpaka vishikamane. Maua hayo ni ya jamii ya okidi. Kiazi kikichimbuliwa, ua limekwisha. Alisema zamani waliomletea walichimba karibu, sasa wanatoka mbali sana. Watoto walinyamaza, wakala polepole zaidi.

Munkoyo nao aliwaeleza: uji wa mahindi uliopoa, unatiwa mizizi iliyopondwa, na mizizi hiyo ndiyo inayoufanya uji uwe mtamu na mwepesi bila sukari. Ukiwa wa siku moja ni wa watoto. Ukikaa siku nyingi ni wa wajomba. Nkambo zetu kwenye kambi za kampuni waliuuza munkoyo tangu zamani, kwa hiyo biashara yetu ya barabara ni ya zamani kuliko tunavyofikiri.

Sasa niseme juu ya usafi, kwa sababu najua mnauliza. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika jimbo letu, na hofu yenu ni ya haki. Lakini usiogope barabara nzima. Chagua meza kwa macho yako. Haya ndiyo ninayoangalia mimi kabla sijaketi.

Kuna ndoo ya kunawia yenye bomba, na sabuni? Beseni moja ambalo watu wote wanachovya mikono si kunawa, ni kugawana uchafu. Chakula kinatoka kwenye moto kikiwa na mvuke, au kilikaa wazi tangu asubuhi? Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kikiwa cha uvuguvugu. Samaki mbichi na chakula kilichoiva viko mbali? Kisu kimoja na ubao mmoja kwa vyote viwili ni hatari. Sahani zinasuuzwa kwa maji yanayobadilishwa? Na maji ya kunywa, uliza yametoka wapi na kama yamechemshwa. Uliza kwa adabu, kama dada. Kwenye meza saba nilizokaa, tano hazikuchukia swali langu. Mbili zilichukia, na hapo sikurudi.

Na wewe uliye mwenye meza, ukisoma hapa: ndoo ile yenye bomba pamoja na sabuni inaleta wateja. Niliona mwenyewe wanawake wawili wakipita meza mbili na kuketi kwenye ya tatu kwa sababu ya ndoo tu.

Turudi kwa mwanafunzi wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenitembeza.

Niliongea na mama yake mara tatu. Sikwenda kumhukumu. Mtoto kusaidia nyumbani ni malezi. Mimi pia nililelewa hivyo. Lakini kuosha vikombe baada ya shule ni kusaidia. Kuamka saa kumi kila siku katikati ya wanaume usioyajua majina yao, ukiwa na miaka kumi na moja, ni mzigo wa mtu mzima. Mama anajua hilo kuliko mimi. Alisema: "Madamu, shule ya msingi ni bure tangu mwaka 2019, ndiyo. Lakini daftari si bure, viatu si bure, na mdogo wake ni mgonjwa. Wateja wa saa kumi na moja ndio wanaolipa pesa taslimu. Nikifungua saa kumi na mbili, wamekwenda."

Sikuwa na jibu. Nilirudi na swali hilo kwenye kikundi chetu cha likelemba. Mwenzetu mmoja, ambaye alikuwa akikaangia vitumbua nyumbani na kuvitembeza kwenye beseni kichwani, alisema yeye anaamka saa hiyo hata hivyo. Walikutana. Sasa wako wawili kwenye meza moja: mmoja chai, mmoja vitumbua, makala wananunua pamoja, na kila mmoja ana kopo lake la pesa. Msichana anaamka saa kumi na moja na nusu, anasaidia kidogo, anaoga, anakuja shule.

Sitawadanganya kwamba yote yamekwisha. Kuna siku mwenzake anaugua, na siku hiyo mtoto anarudi kwenye birika, na mimi namwona kichwa kikianguka juu ya daftari. Siku hizo simwamshi mara moja. Namwacha robo saa, kisha namwita mbele atufanyie hesabu ya chenji, kwa sababu hapo hakuna anayemshinda.

Lile neno "mvivu" nililikata kwa mstari. Lilikuwa kwa wino, halifutiki. Chini yake niliandika: "Mwalimu alikosea." Mama akatia sahihi.

Wamama, nina maombi mawili madogo. La kwanza: kila kikundi chetu kikutane mara moja kwa mwezi kwenye meza ya mwenzetu badala ya kumchosha mama mmoja apike nyumbani. Tule, tulipe taslimu, tusiombe kupunguziwa. La pili: kabla ya posho hii kwisha, kila mmoja aulize nyumbani mwake nani ana deni kwenye malewa, na deni hilo lilipwe. Nimeshaanza na nyumba yangu. Kumbe yule mwalimu mmoja aliyekula kwa deni siku ile ya hesabu ni mwenzangu wa darasa la jirani. Nilimwonyesha karatasi. Alilipa siku ileile, akala tena, akalipa tena.

Mkiwa na meza ya chakula mnayoipenda kwenye barabara yenu, Panda, Shituru, Kikula au mjini, niletee habari zake siku ya mkutano. Nitakuja kuketi.